Mapasa wa Sokoni

Sokoni kote Huguette alijulikana kwa jina la Mama Mapasa, mama wa mapacha, na jina hilo halikuwa lake. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nimemficha. Watoto aliowabeba walikuwa wawili kweli, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, wa umri mmoja, wote wawili na mashavu, mate na hasira za umri huo. Lakini aliyemzaa yeye ni mmoja tu, msichana, Laure. Yule mwingine, Willy, alikuwa mtoto wa Mama Éliane, na kumlea Willy ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kazi hiyo aliipata kwa taabu. Wanaotafuta mlezi wa mtoto hapa Kalemie ni wengi, ila wote wanamtaka asiye na mtoto, kana kwamba watu hujifunza kulea kwa kulea mito. Kila alipobisha hodi akiwa na Laure mgongoni, mlango ulifungwa kwa upole ule unaouma kuliko matusi. Baba yake Laure, fundi wa injini za mashua, alikuwa ameondoka kwenda Uvira kutengeneza boti ya mtu, na nadhani boti hiyo haijapona mpaka leo. Tanti yake Huguette, shangazi aliyemlea na bado anakaa naye upande wa Katanika, hutoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni. Kwa hiyo ama Huguette apate nyumba itakayowapokea yeye na mtoto, ama amwachishe Laure ziwa, ampandishe mashua hadi Moba, na kutoka Moba ampandishe milima hadi kwa bibi yake Kirungu, kwenye baridi, aje kumwona tena wakati ameanza kutembea na anamuuliza mama yake, "Wewe nani?" Hilo Huguette hakuweza kulifikiria mpaka mwisho. Alilianza, akaliacha njiani.

Mama Éliane ndiye aliyewakubali. Alikuwa karani kwenye biro, ofisi moja bandarini, na mumewe, Célestin, mtu wa reli, alikaa Kabalo siku nyingi kuliko alizokaa nyumbani. Siku ya kwanza alimtazama Laure kama mzigo ambao abiria hakuutaja wakati wa kukata tiketi.

"Umulete," alisema. "Lakini akae kule nyuma. Sitaki kumukuta mutoto wa muntu kwenye kiti changu. Beseni yake mbali, vyombo vyake mbali. Siku nitachoka, nitakuambia umupeleke kwenu, na sitaki machozi."

Msimlaumu haraka. Waliomkataa Huguette hawakumpa hata masharti. Na mwanamke anayemwacha mtoto wake mchanga kila asubuhi ili akapige mihuri ana donda lake, na wengine donda huwa wanalifunika kwa amri. Huguette aliitikia ndiyo Mama, akatandika mkeka kwenye baraza ya nyuma, akaanza kazi.

Mambo ya mapasa yalianza siku ya kupima watoto kilo. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa tope tupu, na Mama Éliane alikuwa ametoka na agizo kwamba Willy apelekwe kwenye kilo, kisha Huguette apitie sokoni kuchukua ndagala, dagaa wa ziwani. Na Laure abaki na nani? Huguette akamfunga Willy mgongoni kwa kitenge, akamfunga Laure kifuani kwa kingine, akashuka polepole, akipapasa ardhi kwa vidole vya miguu.

Kwenye meza za ndagala alikuwapo mama mmoja mnene, Consolate, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliinua macho, akaona kichwa huku na kichwa kule, akapiga vigelegele.

"Mapasa! Jamani, mapasa wanapita! Karibu, Mama Mapasa!"

Huguette alifungua mdomo. Nataka ijulikane hivyo, kwamba alifungua mdomo kusema hapana. Lakini wanawake wa meza za jirani walikwisha kuanza kupiga makofi na kuimba. Mmoja alimshika Willy mguu, mwingine akamshika Laure, kisha wakabadilishana, maana kwa watu wetu pacha hasalimiwi mwenzake akaachwa. Anayerukwa hukasirika, wanasema, na hasira yake hutoka kama homa. Mama Consolate alipima ndagala alizoombwa, akaongeza matabishi, nyongeza ya bure, ya mkono wa kushoto, akaongeza matabishi yale yale ya mkono wa kulia, haya ya Kyungu na haya ya Kabange, kama Waluba wanavyowaita mapacha wao. Muuza ndizi akatoa mbili. Wenye mikokoteni wakasimama wampishe.

Ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa kitako mtasema, angesema tu. Sawa. Huyu ni mtu aliyejifungua bila kigelegele hata kimoja. Majirani walipokuja kumwona mtoto waliangalia pembe za chumba wakitafuta viatu vya mwanamume, wakaenda zao. Sasa soko zima linampigia makofi kwa sababu amezaa. Nendeni mkalikatize ninyi. Huguette aliufunga mdomo wake, akacheka, akafurahi mpaka akajionea haya.

Alidhani ni ya siku moja. Lakini kila aliposhuka sokoni walimngojea, na mara ya tatu au ya nne kusema "hawa si mapasa" kulikuwa kumekwisha kuwa kazi kubwa. Hakusema uongo hata siku moja. Waliuliza, "Wanalala vizuri?" akajibu wanalala. Waliuliza, "Nani alianza kuota meno?" akajibu Willy. Hayo yote yalikuwa kweli. Na jambo la kuchekesha, mwenyewe akaanza kuishika desturi ya wale aliokuwa anawadanganya. Akimpa Willy kipande cha ndizi, Laure alipata kipande kama hicho. Akimfuta huyu kamasi, alimfuta na yule hata kama pua ilikuwa kavu. Njiani walikuwa mapasa. Lakini lango la nyumba likishafunguka, alimfungua Laure kwanza, akamweka kwenye mkeka wa nyuma, kisha akamwingiza Willy sebuleni. Laure alilia hapo kila mara.

"Nyamaza, mama," Huguette alimwambia. "Hapa njo kazini."

Mama mzazi wa Célestin aliteremka kwenye lori la Manono siku ya Alhamisi, ana kuku, mfuko wa unga na maneno mengi, yenye "ba" pale wengine wanaposema "wa". Aliitwa Mama Emérance. Mjukuu huyu alikuwa hajamwona, na kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu mtoto azaliwe. Éliane alikwenda kujifungulia kwa mama yake Lubumbashi, akarudi na mtoto ambaye tayari anacheka. Upande wa mume hakuna mwanamke aliyekuwa pale, hakuna aliyeshika hata ndoo ya maji. Tena Éliane anasali kwenye kanisa moja la maombi ambako nyimbo za mapacha na mambo yote ya wazee yanaitwa kazi za giza. Mama Emérance anasali pia, Mkatoliki wa siku nyingi, ila yeye na Mungu wake hawajawahi kugombana juu ya nyimbo.

Kesho yake, Éliane alipokwisha kwenda kazini, bikizee alimchukua Willy akamfunga mgongoni.

"Leo njo mimi natembea na mujukuu yangu. Weye upumuzike."

Huguette alimfuata mpaka langoni. Akasema jua kali, Mama. Akasema Mama amechoka na safari. Mama Emérance alicheka, akasema jua la Manono ndilo jua, akaenda.

Yaliyotokea sokoni Huguette aliyapata baadaye kutoka midomo mingi, kila mdomo na chumvi yake, lakini kiini ni hiki. Mama Consolate alimwona mtoto anayemjua, peke yake, mgongoni mwa mtu asiyemjua.

"Huyu si Kyungu wetu? Mwenzake iko wapi?"

"Mwenzake nani?" bikizee akauliza.

"Pacha wake! Mama, unabebaje mumoja? Ama mwenzake..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. Neno la kifo watu hawalitamki juu ya mapasa.

Wakaja wengine. Wote wakashuhudia kwamba ndiyo, ni wawili, mvulana na msichana, mama yao binti mwembamba mwenye mwanya, wamepita hapa tangu mwanzo wa mvua. Nyumba? Wakaielekeza. Ilikuwa nyumba ya Célestin.

Mtu wa mahali pengine angeuliza maswali zaidi. Lakini huyu ni Mluba wa Manono, mtu ambaye kwao mapacha hupokewa na ukoo mzima, na hapo hapo akili yake ikafunga mafundo yote. Ndiyo maana Éliane alijificha Lubumbashi! Ndiyo maana hakuna aliyeitwa! Alizaa mapasa, kanisa lake likamtia hofu, akamkabidhi mmoja kwa mlezi ili nyimbo zisiimbwe. Na mama mkwe akishapata jibu la swali lililomkaa kooni siku zote hizo, hatafuti jingine.

Aliporudi, Huguette alikuwa uani anafua nepi, na Laure yuko kwenye mkeka wake. Bikizee hakusalimia. Alipiga magoti mbele ya mkeka, magoti yale aliyoyalalamikia tangu aliposhuka kwenye lori, akamtazama Laure masikio, akamtazama vidole vya miguu, akaanza kulia kwa sauti.

"Kwenye mukeka," alisema. "Mutoto wa mapasa, kwenye mukeka, nyuma ya nyumba. Na mwenzake kwenye kiti."

"Mama, mimi..."

"Weye sikukasirikii. Banakulipa ukae kimya, najua. Umemunyonyesha, nasema aksanti. Sasa mimi nimefika."

Akawabeba wote wawili mpaka sebuleni, akawaketisha kwenye kiti cha velveti cha Éliane, bega kwa bega. Kutoka kwenye pindo la kitenge akatoa pemba, ule udongo mweupe wa baraka, akampaka huyu kwenye paji la uso, akampaka na yule. Kisha akashika simu, akampigia mwanawe Kabalo.

"Célestin, muke wako alizaa batoto bangapi?"

"Mumoja, Mama."

"Weye ulikuwapo?"

"Nilikuwa huku kazini, Mama."

"Basi hujui kitu," akasema, akakata.

Akawapigia wanawake wa kwao wanaoishi Kalemie, mmoja baada ya mwingine. Kesho waje. Waje na sauti zao. Célestin ana mapasa na ukoo hauna habari. Na kwa aliyekuwa wa mwisho alisema, huku anamtazama Laure kwa mapenzi matupu, "Bakiacha ziwa, nitabapeleka bote babili Manono. Babu yabo abaone mbele hajafunga macho."

Huguette alikuwa amesimama mlangoni na sabuni mikononi. Laure alikuwa anapiga velveti kwa kiganja na kucheka, na hakuna aliyesema ashushwe. Mchana kutwa hakuna aliyesema ashushwe. Lilihitajika jambo moja tu, kunyamaza, na kunyamaza Huguette alikwisha kuwa hodari. Angenyamaza, na Laure angekuwa na baba wa reli, angekuwa na minerval, ile ada ya shule, angekuwa na bibi wa kumlilia. Asingepelekwa Kirungu. Angekaa kwenye kiti. Lakini Manono? Na kabla ya Manono, asubuhi moja, Laure angefungua mdomo amwite Éliane mama, na yeye Huguette angekuwa amesimama pale pale mlangoni na sabuni mikononi, akiitikia ndiyo Mama. Wazo hilo lilimuuma mpaka akashika mlango. Na bado hakusema. Jua lilianza kushuka na hakuwa amesema.

Éliane aliingia na begi lake la kazini, akaona mapaji ya uso mawili yenye pemba.

"Nani amepaka mutoto wangu hii uchafu?"

"Batoto bako," mama mkwe akamrekebisha. "Bote babili."

Éliane alicheka kwanza. Alipoona ni yeye peke yake anayecheka, akaacha. "Mama, huyu ni mutoto wa Huguette."

"Unamukataa mbele yake? Anasikia! Soko muzima banajua mapasa yako, mimi tu njo sikujua."

"Soko gani? Mama, nilizaa mumoja! Jina la Yesu, mumoja! Wa pili ningemuficha wapi?"

"Kule nyuma. Njo nimemukutia."

Ni kweli, kule nyuma ndiko Éliane alikoamuru awekwe. Akageuka. "Huguette, sema." Sauti haikuwa ile ya kutoa amri. Ilikuwa ya mtu anayeomba, na Huguette hakuwahi kuisikia. "Nakuomba, sema."

"Usimutishe," bikizee alisema. Akavuta pumzi, akamwita Huguette karibu kwa mkono. "Binti, sikiliza. Ukisema huyu ni wa humu ndani, hakuna mwenye atakugusa, nitakuweka chini ya mukono wangu. Ukisema ni wako, mimi nitajifunga kitenge nirudi kwetu na haya yangu. Muntu mwenye kuzaa njo anajua. Huyu mutoto ni wa nani?"

Laure hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa anatafuna ncha ya mto wa Mama Éliane.

"Ni wangu," Huguette alisema. Ilitoka ndogo. Akairudia. "Ni wangu, Mama. Nilimuzaa mimi. Tanti yangu alikuwa amenishika mukono, muulizeni. Hakuna pacha. Kule sokoni waliniona na wawili wakaniita hivyo, na mimi nikawaacha waseme."

Mama Emérance alikaa kitini taratibu, kati ya watoto. Alishika pindo la kitenge chake, akamfuta Laure pemba, kisha mkono wake ukaenda wenyewe ukamfuta na Willy, kwa maana mkono ulikuwa bado haujaamini.

"Ungenyamaza, angekuwa mujukuu yangu."

"Njo sababu sikunyamaza, Mama."

Bikizee alimtazama sana. Kisha akachukua simu, akaanza kuwaambia wale wanawake kwamba shughuli imeahirishwa. Mpaka lini hakuwaambia.

Huguette alitoka uani kumfunga Laure aende zake. Alitegemea Éliane aje na kelele, na kelele angeziweza. Éliane alikuja kimya, na Willy begani, akasimama karibu na ndoo.

"Kwa hiyo kule sokoni," alisema, "Willy ni mutoto wako."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Na hukusema si hivyo."

Huguette aliinama akaanza kukaza kitenge cha Laure.

"Ile maneno kwamba mutoto wako si wako, umekaa nayo leo mchana tu, na ikakushinda. Mimi umenifanyia tangu mvua ianze." Akaegemeza shavu kwenye kichwa cha Willy. "Mimi sina nafasi ya kumutembeza. Najua. Kila asubuhi najua. Lakini ni wangu."

Hapo ndipo Huguette alipolia, na si kwa ajili ya kazi, ingawa na kazi ilikuwamo. Alilia kwa sababu kitu kilichomuuma mchana kutwa kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na alikuwa amekifanya akifurahi.

"Kesho ni siku ya mapumuziko," Éliane alisema. "Tutashuka sokoni pamoja. Utasema wewe, kwa mudomo wako, mbele ya wote. Halafu nitajua la kufanya na wewe."

Usiku ule Huguette alimnyonyesha Laure bila kuhesabu, maana kama kazi imekwisha, njia ni ile ya Moba na ile milima, na maziwa ya mwisho hayana saa.

Jumamosi walishuka, kila mmoja na wake mgongoni. Mama Emérance alikataa kwenda, akasema soko lile limekwisha kumwaibisha mara moja, yatosha. Éliane hakuwa amezoea kubeba mtoto mgongoni kwa mwendo mrefu, na kitenge kilimtelezea kila hatua. Huguette aliona fundo limelegea. Akataka kulikaza, akaona heri asiguse. Éliane alisimama mwenyewe kando ya barabara, akalifungua, akalifunga upya kwa meno.

"Mama Mapasa!" Mama Consolate aliita kutoka mbali. Kisha akaona migongo miwili, na mikono yake ikabaki hewani.

Huguette alikwenda mpaka mbele ya meza. Mdomo ulikuwa mkavu. "Mama Consolate, mimi si Mama Mapasa, naitwa Huguette. Niko na mumoja, huyu hapa, anaitwa Laure. Yule ni Willy. Mama yake njo huyu, Mama Éliane. Mimi ni mulezi wake. Niliwaacha museme, na nilijua."

Wanawake wa meza za jirani waliacha kupima.

"Nilikupea mbili mbili," Mama Consolate alisema mwishowe, na alichokuwa nacho usoni kilikuwa huzuni, si hasira. "Nilikuwa naomba kwa jina lao. Usiku, Huguette. Kyungu na Kabange, nilikuwa nawaombea." Akamgeukia Éliane, akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Na wewe Mama, kama ni wako, ulikuwa wapi siku zote hizi? Sisi hapa hatukukuona hata mara moja."

Éliane alirudi nyuma hatua. Huguette alijibu kabla yake, na alijibu kwa ukali ambao hakujua anao. "Alikuwa kazini! Kama wewe uko kazini. Watu wote walinifungia mulango na mutoto wangu, yeye akafungua. Usimuseme."

Katika zogo hilo Willy aliisikia sauti anayoijua. Akapinda shingo, akamwona Huguette, akanyoosha mikono miwili na kuanza kulia. Si kilio cha kawaida. Alijikunja, akajinyoosha, akasukuma mgongo wa mama yake kwa ngumi, na macho yote ya meza za ndagala yalikuwa juu yake. Éliane alimfungua, akamleta kifuani, akambembeleza. Mtoto akalia zaidi, anamtafuta Huguette juu ya bega. Éliane alibadilisha bega. Jasho lilikuwa linamtoka, na machozi yalikuwa karibu.

"Mushike," alimwambia Huguette, na hakumtazama. "Mushike basi."

Mikono ya Huguette ilikuwa inawasha. Mtoto yule alikuwa amelala kifuani pake siku ngapi, alikuwa anaujua mwili wake kama mlango wa nyumbani, na kilio chake kilikuwa kinamvuta maziwa. Aliipeleka mikono nyuma, akaishikilia miguu ya Laure, akaikaza pale.

"Hapana, Mama," alisema. "Atanyamaza. Umupigepige mugongo chini kidogo, pale kwenye kiuno. Polepole. Atanyamaza kwako."

Éliane alimpigapiga pale alipoelekezwa. Willy aliendelea kulia, na Huguette aliendelea kusimama, na hakuna mwanamke kwenye meza zile aliyecheka, kwa kuwa wote waliona ni mkono wa nani unaozuiliwa. Kilio kikawa cha kukatika. Kikawa kwikwi. Mwisho mtoto aliweka shavu kwenye shingo ya mama yake, akavuta pumzi moja ndefu yenye kamasi, akatulia. Éliane alifumba macho.

Mama Consolate alipima ndagala, akazifunga. Hakukuwa na matabishi, si ya kushoto wala ya kulia, na Huguette aliona ni haki.

Walipanda kurudi, Éliane mbele, Willy amelala, blauzi ya watu wa biro imelowa mate begani. Langoni Éliane aliingia. Huguette akabaki nje.

"Unasimama nini hapo?"

"Ulisema, Mama, utajua la kufanya na mimi."

Éliane alimpandisha Willy kidogo begani asimwamshe. Huguette alikwisha kuanza kuziona mashua za Moba.

"Jumatatu biro inafungua asubuhi," Éliane alisema. "Usichelewe."

"Na Laure?"

Mama Éliane alikitazama kichwa kidogo kilichochomoza juu ya bega la Huguette, akakitazama kwa muda kuliko siku zote.

"Laure atakuja na nani," alisema, "kama si na mama yake?"